Eda ya Shamsia na Kalenda ya Bi Mwanaamina

Omary alifika Kasulu Jumatano ya mwisho wa Julai, na basi la kutoka Kigoma, vumbi limemkaa mpaka kwenye nyusi. Walimpa maji ya kunawa, wakamwekea kigoda barazani karibu na mlango, kwa sababu shemeji yake hakuweza kutoka kumpokea. Shamsia alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi za kufiwa. Mumewe, Khatibu fundi cherehani, ambaye ndiye kaka yake Omary, alifariki mwezi wa nne, na tangu siku ile Shamsia hakuwa amevuka kizingiti cha mlango wa mbele. Basi walizungumza pazia likiwa katikati, huyu kwenye mkeka ndani, huyu kwenye kigoda nje.

"Poleni sana, shemeji."

"Tumeshapoa. Habari za Pangani?"

"Wazima wote. Mama anakusalimu. Alinipa nazi sita nikuletee. Mbili zilipasuka kwenye treni, nikazila. Moja nilimpa askari wa stesheni ili aache kunitazama."

Shamsia alicheka. Tangu Aprili hakuwa amecheka, na sauti yake mwenyewe ilimshtua, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Omary alikuwa karani kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Pangani. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, anayependa jambo liishe aandike lingine. Hakuzunguka sana. Alisema amekuja kuwachukua, Shamsia na watoto wawili, Tunu wa miaka kumi na miwili na Kuruthumu wa miaka mitano. Chumba kimekwisha kupigwa lipu nyuma ya nyumba ya mama. Kaka yake alimwandikia barua kabla hajafa, kwamba wanawe warudi kwao, na yeye Omary hataki deni la maneno ya marehemu.

Shamsia aliijua barua hiyo. Ni yeye aliyeishika karatasi isipeperuke wakati Khatibu anaandika. Na baada ya kuandika Khatibu alimgeukia akamwambia, "Utawapeleka?" Yeye akajibu, "Inshallah." Siku ya tatu yake Khatibu akafa.

"Ila kuna tatizo," alisema Omary nje ya pazia. "Likizo yangu inakwisha tarehe kumi na nne Agosti. Lazima tuondoke na basi la Jumatatu tarehe tisa, tupate treni ya Jumanne. Nikichelewa hata siku moja jina langu linakatwa, wameshamkata mwenzangu mwezi wa sita. Mama alisema eda yako itaisha mapema Agosti. Sasa nimeulizia hapa nje, naambiwa ni tarehe kumi na moja."

"Ndivyo alivyohesabu Bi Mwanaamina."

"Hiyo ni Jumatano. Mimi sitakuvunjisha eda, shemeji, Mungu apishe mbali. Ikiwa haijaisha nitakwenda peke yangu. Likizo nyingine nitaipata baada ya miaka miwili, tukijaliwa."

Shamsia alinyamaza. Nje, Omary alidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama mtu aliyejitwisha mtungi njia nzima, mara akasikia mtu nyuma yake anamshika mkono amtue.

Maana Shamsia hakutaka kwenda Pangani. Alizaliwa Kagerankanda, kwa jina la Josepha, na ni kwa Khatibu alikosilimu akaitwa Shamsia, na dini aliishika kwa mikono miwili, hakuna swala iliyompita. Lakini Pangani alishaiona mara moja, mwaka wa sitini na sita. Alifika, akapiga magoti kama alivyolelewa, akamshika wifi yake mikono yote miwili akaanza kumsalimu Kiha: habari za usiku, habari za watoto, habari za mashamba. Alipofika kwenye habari za ng'ombe, ambao hawakuwapo, wifi yake aliichomoa mikono akaenda kuepua sufuria. Wanawake waliokuwa uani waliangua kicheko. Si kicheko kibaya sana, lakini alikisikia.

Hayo angeyavumilia. Lililomshika ni mama yake. Esteri alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, peke yake, na mwaka wa sabini na nne operesheni ya vijiji ilimtoa kwenye migomba yake ikampeleka Rungwe Mpya, nyumba kwenye mstari, na namba ya chokaa ukutani. Watoto aliozaa walikuwa watano. Watatu walikufa wadogo. Bazilio, mkubwa, alichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga zamani za manamba, asirudi. Aliyebaki ni Shamsia.

Jioni ile ile, Omary amekwenda kuswali msikitini, Shamsia yuko uani anachukua udhu, alisikia watoto wa madrasa wakipiga kelele barabarani. "Umeandama! Umeandama!" Aliinua macho. Juu ya ukuta wa jirani, kwenye moshi wa nyasi zinazochomwa vilimani, aliuona. Mwembamba kama ukucha. Ni mwezi wa Shaabani.

Akamimina maji mguu wa kulia, na alipokuwa anahamia wa kushoto akaanza kuhesabu, bila kukusudia, kama mtu anayehesabu mishono. Khatibu alikufa siku ya mosi ya Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Mfungo Saba, mmoja. Mfungo Nane, miwili. Mfungo Tisa, mitatu. Rajabu, minne. Na Rajabu imekwisha sasa hivi, mbele ya macho yake.

Miezi minne imetimia. Zimebaki siku kumi. Kumi kutoka kesho Alhamisi ni Jumamosi ya tarehe saba. Si Jumatano ya tarehe kumi na moja.

Alihesabu tena kwa vifundo vya vidole. Ikaja vilevile. Birika lilikuwa limeinama mkononi, maji yote yakamwagika, ikabidi aende kuchota mengine.

Kosa lilikuwa la Bi Mwanaamina, na halikuwa la mtu asiyejua. Bi Mwanaamina ndiye aliyewasimamia wanawake wote wa Kiislamu wa Kasulu katika mambo ya eda kwa miaka ishirini, na kwa miaka ishirini alihesabu kwa mwandamo wa mwezi, maana hakujua hesabu nyingine. Kisha ikaja elimu ya watu wazima. Bi Mwanaamina alikwenda darasani na miwani ya marehemu mumewe, akakaa mbele, mwaka wa sabini na tano akapata cheti, akakitundika sebuleni. Pembeni ya cheti akatundika kalenda aliyopewa na watu wa ushirika, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Tangu hapo kila jambo lilikwenda kwa kalenda. Khatibu alipokufa, siku ya mosi ya Mfungo Saba ilikuwa vilevile tarehe mosi Aprili. Bi Mwanaamina aliweka kidole hapo, akateremka Mei, Juni, Julai, Agosti, akaongeza kumi, akachora duara kwa mkaa. Hakukumbuka kwamba miezi ya ukutani ni mirefu kuliko ile Mwenyezi Mungu aliyoitaja. Na nani angemsahihisha? Wanaume husema mambo ya eda ni ya wanawake, wanawake husema ni ya Bi Mwanaamina.

Basi Shamsia peke yake ndiye aliyejua. Akinyamaza mpaka basi la Jumatatu liondoke, atabaki Kasulu karibu na mama yake, hakuna atakayemlaumu, wala hatakuwa amesema uongo hata neno moja. Akisema, njia iko wazi, na ile inshallah inamsubiri.

Alinyamaza. Alinyamaza Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu mama yake alikuja, amepanda lori la mahindi, na mkungu wa ndizi na maharage kwenye kitambaa. Esteri alikuwa Mkatoliki wa asubuhi na jioni, rozari shingoni, na eda kwake ilikuwa kifungo tu.

"Bado wamekufungia, Josepha?" alisema kabla hajaketi. Jina la Shamsia hakulitumia hata siku moja. "Mimi baba yako alipokufa nilirudi shambani siku ya nne. Nyasi hazikai eda."

Walisalimiana kwanza, kwa Kiha, mikono kwenye viwiko, muda mrefu, habari moja moja. Tunu alileta chai. Alipotoka, Shamsia alimweleza mama yake kila kitu, kuanzia mwezi juu ya ukuta mpaka duara la mkaa. Esteri alisikiliza huku anamenya maharage. Alisikiliza vizuri sana, mpaka akaacha kumenya.

"Huyo bibi wa kalenda anajua?"

"Hajui."

"Huyo mkwe wa nazi?"

"Hajui."

"Basi nyamaza."

"Mama."

"Nyamaza, nakwambia. Kosa si lako. Wewe ulichora duara? Hukuchora. Umekaa ndani kama walivyokwambia ukae. Jumatatu ijayo basi litaondoka, Jumatano utatoka, Alhamisi utakuja kwangu tupalilie. Pwani imeshanilia mtoto mmoja. Huyu wa pili atakuwa wa nini? Au wanakusanya?"

"Nilimwahidi Khatibu."

"Khatibu amekufa, Mungu amlaze pema. Mimi niko hai, na mgongo unaniuma."

Shamsia alichukua nusu ya maharage wakamenya wote wawili. Esteri aliondoka saa kumi, na mlangoni alimshika bintiye bega, akaweka kidole mdomoni kwake mwenyewe, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani.

Siku zikaenda. Omary hakukaa bure. Alitengeneza mguu wa cherehani, ambayo ilikuwa ndani tangu duka la Mzee Gharibu, ambako Khatibu alikuwa akishona barazani, lilipofungwa mwaka huo ili kupisha duka la ushirika. Jioni alikuwa anakaa barazani na Kuruthumu anamwambia habari za bahari.

"Maji yake yana chumvi, baba mdogo?"

"Chumvi tupu."

"Nani aliitia?"

"Bibi yako. Ndiyo maana chumvi ya nyumbani huwa inakwisha upesi."

Tunu, aliyekuwa mkubwa wa kutosha kuona anataniwa nani, alicheka hata hivyo. Shamsia nyuma ya pazia aliwasikia. Aliona pia kwamba Tunu ameanza kukunja nguo zake, anazipanga kwenye boksi, kisha anazitoa tena kwa sababu ameambiwa hawaendi. Hakulalamika. Alikuwa mtoto anayefanana na baba yake, akinyimwa kitu anakwenda kufagia uwanja.

Jumamosi tarehe saba Shamsia aliswali adhuhuri, na swala haikwenda. Alipofika rakaa ya pili alisahau kama ni ya pili au ya tatu. Akaanza upya. Alipofika tahiyatu hakujua ni ya katikati au ya mwisho. Akaanza upya tena. Mara ya tatu alisujudu akakaa chini hapo hapo kichwa kwenye mkeka, akasema kwa Kiswahili, maana Kiarabu kilikuwa kimemkimbia, "Nimekuelewa." Kisha akanyanyuka akaiswali moja kwa moja mpaka salamu.

Baada ya alasiri Bi Mwanaamina alikuja, kama alivyokuja kila Jumamosi, na fimbo yake na miwani iliyofungwa uzi.

"Bado siku nne, mwanangu," alisema akijiketisha. "Jumatano nitakuja na udi. Nguo nyeupe mpya ipo?"

"Ipo. Lakini Bi Mwanaamina, nina neno."

"Sema."

"Eda yangu inakwisha leo. Jua likizama."

Bi Mwanaamina alimtazama juu ya miwani. "Leo ni tarehe saba. Wewe ni wa kumi na moja. Duara sikukwambia?"

"Uliniambia. Ila hebu tuhesabu kwa mwandamo. Khatibu alikufa mosi ya Mfungo Saba."

"Ndiyo. Tarehe mosi Aprili, Alhamisi. Nimeandika."

"Mfungo Saba, Nane, Tisa, Rajabu. Halafu leo Shaabani ngapi?"

Bi Mwanaamina alifungua mdomo ajibu upesi, kisha akaufunga. Alishusha fimbo sakafuni. Aliinua mkono wa kushoto karibu na uso, akaanza kupita vifundo kwa kidole gumba, kwa namna aliyokuwa akihesabu kabla ya cheti. Midomo ilikuwa inacheza. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapita tena.

"Kumi," alisema. "Leo Shaabani kumi."

"Ndiyo."

"Miezi minne, na siku kumi."

"Ndiyo, Bi Mwanaamina."

Alibaki ametazama vifundo vyake mpaka Tunu akachungulia mlangoni, akafikiri wamelala.

"Tangu nipate cheti," alisema hatimaye, "nimewasimamia wanawake watatu. Wewe ni wa nne. Wale wawili wazee, siku nne kwao si kitu, walinishukuru kwa kupumzika. Lakini yule binti wa Kibondo! Yule alikuwa na dereva anamsubiri. Dereva alikuja siku waliyohesabu kwao Kibondo, nikasimama mlangoni na mwiko wa ugali, nikamwambia wewe bila haya, bado siku nne, ondoka. Akaondoka. Akaenda akaoa Nguruka."

"Yule dereva alikuwa mlevi, Bi Mwanaamina. Mji mzima ulijua."

"Mlevi au si mlevi, mimi sikumfukuza kwa ulevi. Nilimfukuza kwa kalenda." Akavua miwani akaifuta kwa kanga, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akaivaa na kumtazama Shamsia, safari hii vizuri. "Wewe umejua tangu lini?"

Hapo Shamsia angeweza kusema leo. Neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Tangu Shaabani ilipoandama."

"Siku kumi unajua! Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ningenyamaza mpaka Jumatatu ningebaki hapa na mama yangu."

"Na mbona umesema?"

"Swala ilikataa."

Bi Mwanaamina alitikisa kichwa, si kwa kumlaumu. "Unajua, eda ikiisha wewe ni mtu huru. Hakuna wa kukubeba kwa nguvu mpaka Pangani. Hata Omary hawezi. Unaweza kutoka leo, na kesho ukamwambia mimi siendi."

"Najua. Nimelifikiria hilo pia. Lakini nilipomwambia Khatibu inshallah, sikuisema vile watu wanavyoisema wakitaka mgeni aondoke. Niliisema kweli, na yeye aliisikia kweli, akalala."

"Basi," alisema Bi Mwanaamina, akashika fimbo. "Mwite Tunu alete makaa. Udi ninao nyumbani. Na kalenda ile naigeuza. Nyuma kuna karatasi nzuri nyeupe, nitaandika majina ya wajukuu."

Jua lilipozama Shamsia alioga, akavaa nguo mpya, akafukizwa udi mpaka akapiga chafya. Alivuka kizingiti. Baraza ilikuwa ndogo kuliko alivyokuwa anaikumbuka. Omary alisimama, akamwona shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu afike, akasema, "Mama alisema mapema Agosti! Mimi nikabisha, nikamwambia wewe huna kalenda."

"Tutakwenda Jumatatu," alisema Shamsia. "Lakini kesho nakwenda Rungwe Mpya. Na watoto."

"Kesho? Na mizigo?"

"Mizigo utafunga wewe, shemeji. Si ulifunga nazi?"

Alfajiri walipata gari la misheni lililokuwa linampeleka katekista. Kulikuwa na baridi na vumbi jekundu, na njiani mashamba yalikuwa yamevunwa yamebaki mabua. Walipofika, Esteri alikuwa bado hajarudi kanisani. Walimsubiri kwenye mwimo wa mlango, chini ya ile namba ya chokaa. Alipotokea kwenye kona na kumwona bintiye nje, mchana kweupe, Jumapili, tarehe nane, hakuhitaji kuambiwa.

Shamsia alipiga magoti. "Mwakeye, mama."

Esteri alimpita akaingia ndani. Mtu wa Buha hapiti salamu. Hata adui huitikiwa. Tunu alimtazama mama yake aone atalia au vipi, lakini Shamsia alibaki amepiga magoti pale pale, kama kwamba salamu ni ndefu na bado inaendelea.

Ndani sufuria ziligongana. Baadaye sauti ikatoka. "Nilikwambia unyamaze."

"Uliniambia, mama."

"Ukasema."

"Nikasema."

"Wangepungukiwa na nini wale? Wana bahari nzima."

"Twende wote. Omary amekubali. Chumba ni kikubwa."

Esteri alijitokeza mlangoni, mwiko mkononi. "Mimi nimeshahamishwa. Lilikuja lori, wakapakia kuku, wakapakia kinu, wakanipakia mimi. Kuku wawili walikufa. Nani atanipakia tena? Hapana. Inuka, utachafua nguo. Ni mpya?"

"Mpya."

"Inanuka kama kanisa la Pasaka." Akamshika viwiko, akamwinua, na salamu akaitikia nusu, haraka haraka, kama mtu anayelipa kitu asichokubali kwamba anadaiwa. Kisha akasema, huku anatazama pembeni, "Nimewaza barabarani toka Jumatatu ile. Ungenyamaza, ungekuja hapa Alhamisi na jembe. Ningefurahi. Halafu kila siku ningekutazama unaswali pale kwenye pembe, nijue ni mimi niliyekuwekea kidole mdomoni. Na mimi nina kwaresima zangu za kujibu. Ingieni mle, ugali unapoa."

Walikula ugali na maharage. Esteri aliwapakulia watoto mara tatu bila kuuliza. Kuruthumu alimweleza bibi yake kuhusu chumvi ya baharini na nani aliyeitia. Esteri akasema ndiyo, watu wa huko wanaweza kufanya hivyo.

Katekista alipopiga honi mara ya kwanza, Esteri aliokota kaa lililozimika mekoni, akampa Tunu.

"Wewe umesoma. Andika hapa ukutani jina la huo mji."

"Pangani, bibi?"

"Ndiyo huo. Andika kubwa."

Tunu aliandika, herufi nene, nyeusi, kwenye udongo, juu ya mlango wa chumba. Esteri alisimama kando anafuata mkono wa mjukuu wake.

"Jina la mahali pa Bazilio sikuliandika," alisema. "Alinitajia shamba, akanitajia na stesheni ya karibu yake, nikasema nitakumbuka. Miaka miwili nilikumbuka. Halafu siku moja katekista yule wa zamani alikuja na kalamu, anasema mama leo tunamwandikia mwanao, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nilijua linaanza na M. Au N." Aligusa herufi ya mwisho, kidole kikachafuka. "Hili hata nikisahau, mtu atalisoma."

Honi ya pili. Shamsia alitaka kusema atarudi lini, na midomo ilikuwa imeshafunguka, lakini siku hakuijua, kwa hiyo alimkumbatia tu. Esteri aliwasindikiza mpaka barabarani. Hakupunga mkono. Alisimama amefumbata mikono kwenye rozari mpaka vumbi likashuka.

Jumatatu walipanda basi. Bi Mwanaamina alikuja stendi na kikapu cha vitumbua, akamwomba Omary radhi mbele ya watu kwa ajili ya siku nne, na Omary, aliyekuwa anahesabu mizigo kwa mara ya sita, alimwambia zile siku nne amezisamehe ila asikalie kile kifurushi, kina kichwa cha cherehani. Jumanne treni ikaondoka Kigoma. Walilala kwenye mabenchi, wakabadili, wakasubiri, wakapanda basi jingine, Kuruthumu akatapika mara mbili, na Jumamosi alasiri wakafika Pangani.

Mji ulikuwa mdogo, nyumba za mawe zimechakaa kwa chumvi, minazi, joto la kuganda mwilini. Mama mkwe alikuwa amezeeka. Wifi yake, yule wa sufuria, alikuja akamshika mikono yeye wa kwanza, akamwuliza habari za safari, habari za watoto, habari za waliobaki. Hakuuliza ng'ombe. Shamsia alijibu zote, na alipofika kwa mama yake alisema, "Hakuitaka safari hii, lakini ameniacha nije."

Chumba kilikuwa kimepigwa lipu kweli, na kilikuwa na dirisha. Watoto walikimbia kwenda kuonja maji. Walirudi wanatema mate, wanabishana.

Jumatatu asubuhi, cherehani bado imefungwa kwenye gunia na vyombo havijatolewa kwenye kapu, Shamsia alijitanda kanga akamwomba wifi yake amwonyeshe posta ilipo.